Ushuhuda Niliotoa Kabla ya Kupona

Kama una kikohozi kilichozidi wiki tatu, weka karatasi hizi chini, nenda dispensari, halafu urudi usome. Nitakungoja. Mimi ni mzee, sina pa kukimbilia.

Haya. Naitwa Azaria, fundi wa nguo wa hapa Gitega, Kigali. Nashona barazani pamoja na mafundi wa Kiislamu, na hao ndio walionifundisha cherehani. Kiswahili nilianza kukiokota Bukoba nikiwa kijana, nilipokwenda kuchuma kahawa ya watu, mafundi hao wakanimalizia. Shule nilikaa miaka miwili. Wa tatu baba alinitoa nikachunge mbuzi, na mbuzi wenyewe walikufa mwaka uleule, kwa hiyo nikakosa vyote viwili. Nasema hivyo ili ukiona hadithi imetoka barabarani ujue ni kawaida yangu, itarudi.

Ugonjwa wangu ni kifua kikuu, hapa tunauita igituntu. Unafanyaje kazi ndani ya mapafu, waulize wenye kujua. Ninachokijua mimi ni uchafu wake. Watu wa kanisani wakisimulia ugonjwa huuosha kwanza, huuvika shati jeupe, ukifika mbele yako umeshakuwa habari ya kupendeza. Wangu sitauosha.

Ulianza masika yaliyofuata baada ya vita kuanza huko kaskazini. Kwanza kikohozi kikavu, nikalaumu vumbi la vitambaa. Halafu makohozi. Yalikuwa ya kijani, mazito, yananuka kama maji ya maua ya kanisani ambayo hakuna aliyekumbuka kuyabadilisha. Hayakutaka kukatika mdomoni, nikawa nayavuta kwa kidole na kupangusa popote. Siku moja nilipangusa kwenye bitana ya koti la mteja, nikaishona kwa ndani, nikampa akavaa. Alisema limemkaa vizuri. Nimeshamwendea kumwomba msamaha, akanitazama kama mtu anayetazama choo kisicho na mlango, na sikumlaumu.

Mwili ukaisha. Mimi fundi nikawa nafunga suruali kwa kamba. Mke wangu, Mama Dina, alianika shuka kila asubuhi kwa sababu ya jasho langu, na majirani wakizihesabu zile shuka wakaanza kunong'ona SIDA, yaani ukimwi. Siku zile ukikonda tu ulikuwa umeshapewa jina. Mama Dina alisikia kisimani, akarudi na ndoo nusu, hakuniambia kitu. Niliambiwa na Saidi, fundi mwenzangu wa cherehani ya jirani, mtu asiyejua kuficha.

"Muzee," alisema, "ile kikohozi yako iko inashona kuliko mashini. Enda kwa muganga. Watu wameshakuzika, imebaki kuchimba tu."

Nikaenda. Dispensari ilikuwa na benchi refu ndani kwa wagonjwa wa kawaida, na benchi fupi nje, ukutani, chini ya bati, kwa sisi wenye kukohoa. Kila aliyepita njiani alituona. Jua likipanda bati linakuchoma utosini, mvua ikija maji yanakuingia mgongoni. Kila mmoja ameshika kikopo chenye kifuniko, ndani mna makohozi yake ya asubuhi, na kila mmoja anajifanya ameshika kitu kingine. Mwanamke mmoja alikifunika chake kwa kitambaa cha kufumwa, kama anapeleka siagi kwa mkwe. Tulikuwa tunachekana kimoyomoyo. Halafu nesi anatoka, anaitwa Speransia, mtu mfupi mwenye sauti ya mwalimu, anafungua kopo lako mbele ya wote, anatazama, anasema, haya ni mate, rudi ukakohoe vizuri.

Nikapewa sindano kila siku ya kazi, miezi miwili, kiangazi chote. Makalio yakawa magumu kama ubao wa kukatia nyama. Sikio la kushoto likaanza kulia, linalia mpaka leo ninapoandika. Vidonge vikafanya mkojo kuwa mwekundu, na machozi pia, na siku moja nilipolia kanisani leso ikatoka na rangi ya chungwa, dada mmoja akadhani nimelia damu. Lakini kikohozi kikapungua. Nyama zikarudi. Mtama ulipokuwa umeshavunwa nilikuwa nafunga suruali kwa kifungo. Speransia akanipa vidonge vya kumezea nyumbani, akasema bado miezi mingi, akanishika mkono akasema, Azaria, wengi wenu mnanifia hapa hapa, mnapojisikia vizuri.

Sasa hapa ndipo hadithi inapopinda, na lazima nikueleze ushirika wetu.

Sisi ni watu tuliookoka, wa ule uamsho wa zamani. Tunakutana Ijumaa saa kumi alasiri, nyumbani kwa mmoja wetu. Mtu anasimama, anatoa ushuhuda wa alilotendewa au dhambi aliyoungama, akimaliza wengine wanamwimbia. Ushuhuda ukishaimbiwa si wako tena, ni wa wote. Watu wanaondoka nao, wanausimulia kwingine. Na katika mambo yote tunayochukia, uongo katika ushuhuda ndio wa kwanza. Mlevi tunampokea, mzinzi tunampokea, lakini mtu aliyesema uongo akaimbiwa, huyo hana pa kukaa.

Mimi nilikuwa na ushuhuda mmoja, wa miaka thelathini. Zamani nilikuwa nawabakizia wateja vitambaa, yaani unaleta mita nne, nakata tatu na nusu, iliyobaki yangu. Nilipookoka nilizunguka Kigali nzima nikirudisha vitambaa, nyumba kwa nyumba, wengine wakidhani nina wazimu. Ulikuwa ushuhuda mzuri na ulikuwa kweli. Lakini niliusema kila mwaka, kila mwezi, mpaka nikajua ni neno gani litamliza dada yupi. Ulikuwa kama uji uliolala siku tatu, nao wakaunywa, nami nikawapakulia. Kusali nilisali nikiwaza kola. Na nikisema yote, vipande nilikuwa nimeanza tena kuvibakiza. Vidogo, vya kofia. Nikiukumbuka moyo wangu wa miaka ile, makohozi yananichefua kidogo kuliko huo.

Kwa hiyo Ijumaa moja, nimenenepa, nimevaa shati la pasi, nikaona nimepata kipya. Nikasimama nikasema Bwana ameniponya igituntu. Sikusema neno la dawa. Watu walilia, wakataka kuanza kuimba, na mzee wetu wa ushirika, Eliya, akanyoosha mkono kwanza. Eliya si mtu mbaya. Alikuwa mtunza ghala, amezoea kuuliza mara mbili. Akaniuliza kama bado nameza vidonge.

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Hapana."

Wakaimba. Waliimba mpaka jirani akafunga dirisha.

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimesema uongo, umeimbiwa, na vidonge viko kwenye kikombe juu ya kabati. Na sasa sikiliza akili ya mtu aliyeokoka miaka thelathini. Sikuwaza kurudi kuwaambia. Niliwaza namna ya kuufanya uongo uwe kweli, ili nisiwe mwongo. Nikakichukua kikombe nikaenda chooni, nikamwaga vyote. Nikasikia vikitua. Nikatoka nikiwa na amani, nakwambia, amani kabisa, nikamshukuru Mungu kwa dhamiri safi.

Mama Dina alikiona kikombe kitupu. Yeye pia ni wa ushirika, na alikuwa amekaa pale pale nikisimama. Aliosha kile kikombe akakirudisha juu ya kabati, akasema tu, "Baba Dina, Mungu hakukuomba vidonge vyako."

Nikamkemea kwa kukosa imani. Mwanamke aliyeanika shuka zangu.

Speransia alimtuma mtu kuuliza habari zangu. Nilimjibu kwamba nimehamia kwa binti yangu Dina, ameolewa Butare, nachukua dawa huko. Ule ulikuwa uongo wa pili na ulitoka laini kuliko wa kwanza. Mambo yakawa mazuri kwangu. Nilialikwa kwenye vikundi vingine, Kinyinya, na mpaka upande wa pili wa mji, nikapewa kiti cha mbele na chai yenye maziwa. Kila mahali niliponywa upya.

Masika yaliyofuata kikohozi kilirudi. Nikasema mafua. Makohozi yalikuja na nyuzi nyekundu, kama uzi umekatika ndani. Nikajifunza kumeza. Hilo ni jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu mpaka baadaye, kwamba miezi mingi niliyameza makohozi yangu mbele za watu, kwa sababu mtu aliyeponywa hatemi. Yanateremka kama konokono. Nilikuwa nameza, nasema asante kwa Bwana, naimba ubeti wa pili.

Saidi hakudanganyika. "Wamekuponyesha mpaka umerudi kuwa mugonjwa," alisema, huku akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Hata sisi tuko tunaomba, muzee, lakini dawa tunakunywa."

Kiangazi kilipoanza, Mama Dina akakohoa.

Nilijua siku ya kwanza. Nyumba yetu ni chumba kimoja na kisebule, tunalala kitanda kimoja, tunakula sahani moja. Kikohozi chake kilikuwa changu, nilikitambua kama unavyotambua mshono wako kwenye nguo ya mtu. Baada ya wiki kadhaa akasema anataka kwenda dispensari. Nilimwambia nini? Nilimwambia asubiri. Palikuwa na mkutano mkubwa unakuja, vikundi vyote pamoja, kwenye kilima cha Kinyinya palipokuwa na mashamba matupu, na mimi niliwekwa kushuhudia. Akionekana kwenye lile benchi, wataulizana ameupata wapi.

"Mkutano ni lini?" aliuliza.

"Mwezi ujao."

Alikunja nguo iliyokuwa mkononi. Halafu akasema, "Nitajaribu kufika." Hakuwa na maana ya Kinyinya, na nilijua.

Wewe unayesoma, kama una mke, nitukane hapo. Mimi nimeshajitukana mpaka maneno yameniishia.

Mkutano ulikuja. Nilipanda jukwaani nimevaa koti nililojishonea, Mama Dina amekaa mstari wa mbele, amejifunga kitenge mara mbili kuficha alivyokonda. Nilianza, "Mwaka jana Bwana aliniponya," na kikohozi kikapanda. Nilijaribu kumeza kama nilivyozoea. Damu haikumezeka, ilikuwa nyingi mno. Ilinitoka kwenye leso, halafu kupita leso, kwenye shati, nyekundu yenye povu, ya moto. Watu wa mbele waliona wazi. Na unajua walifanya nini? Waliimba. Mmoja alianza, wote wakadaka, wakapiga makofi kwa nguvu, nami nikasimama pale ninavuja kama mfuko wa nyama huku naimbiwa uponyaji. Eliya alinishika bega akaniteremsha. Hakuna aliyeuliza. Ushuhuda ulikuwa wao, wangeutoa wapi mwingine siku ile?

Nilitapika nyuma ya ua wa mabua ya mtama. Na nitakwambia kweli, nilichotapikia si damu. Ni zile sauti nzuri.

Hata hivyo sikusema. Ningependa kukwambia niliamka hapo, lakini sikuamka. Tulirudi nyumbani, tukala, tukalala.

Jumatatu Mama Dina hakuweza kusimama. Miguu ilikataa, na pumzi ilikuwa inaingia kwa vipande. Wa ushirika hawakuwepo karibu, au niliona haya kuwaita, sijui. Aliyekuja ni Saidi na mafundi watatu. Walimlaza kwenye ingobyi, ile machela ya mianzi, wakainua mabegani, wakapita naye sokoni kati ya watu. Kizuizi cha askari kilitusimamisha kwa vitambulisho, yeye yuko juu ya mabega ya watu anahema, wakakigeuza kitambulisho chake mbele na nyuma kama watu wenye mchana mzima. Tukafika benchi la nje. Wakamlaza hapo, wagonjwa wengine wakasogea.

Speransia akaja na daftari lake. Hakuniona, nilikuwa nimesimama nyuma ya Saidi, ambaye ni mtu mpana. Aliuliza jina, akauliza umri, halafu akauliza anachouliza kila mtu.

"Nyumbani kuna mwingine anayekohoa?"

Mama Dina alikuwa na pumzi ya maneno machache tu. Alifungua macho, akanitafuta, akaniona. Akasema, "Hakuna."

Yaani alikuwa anaitunza heshima yangu kwa pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo. Nesi akainamisha kalamu aandike. Nikaona ile kalamu ikishuka, na nikajua kwamba ikiandika hakuna, mke wangu atapewa dawa, atarudi kulala kitanda kimoja nami, na nitamuua polepole huku tunaombewa.

Nikasema, "Andika mimi."

Sauti yangu ilitoka ndogo. Nikatoka nyuma ya Saidi nikarudia mbele ya lile benchi lote. Nikasema mimi ndiye niliyemwambukiza, sikuhama, sikwenda Butare, niliacha dawa kwa sababu nilisema nimepona na nilikuwa sijapona. Nadhani huo ndio ushuhuda wangu wa kwanza tangu vile vitambaa. Hakuna aliyeuimbia. Mtu mmoja alitema kwenye kopo lake.

"Vidonge nilivyokupa viko wapi?" Speransia aliuliza.

"Chooni."

"Basi choo chenu kimepona," alisema, akaandika. Halafu akanisukumia kopo.

Siku tatu hatukujua kama Mama Dina atakaa au atakwenda. Ya nne aliomba uji, akaunywa, akalalamika hauna chumvi, na sijawahi kusikia lawama tamu kama ile. Mimi nilianza upya, sindano nyingi zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu aliyeacha dawa anarudi kwa njia ndefu. Mchana tulikaa wawili kwenye benchi la nje, chini ya lile bati, vikopo magotini. Hakunisema. Nilimwomba aniseme. Aliniambia nipunguze kuomba msamaha, nimsogezee kivuli.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda ushirikani nikaurudisha ushuhuda. Nilikaa mlangoni, nimefunga leso mdomoni, nikasema yote, pamoja na vipande vya kofia. Maji ya chai yalichemka, hakuna aliyeyaepua. Wengine walisema nilikuwa nimepona kweli, nikapoteza kwa kukosa imani. Wengine waliacha kuniamkia. Sasa ninapoandika, masika yanakaribia tena na mimi na mke wangu tumemaliza dawa zetu zamani, ushirika bado unaimba vizuri sana. Siku hizi kuna wanaotazama kabila kwanza, wakachagua wakae karibu na nani na wamwite nani ndugu, na nani wasimwite tena, halafu wanasimama kushuhudia upendo, na sisi wengine tunameza. Harufu yake naijua. Nimesimama mara mbili kuisema, na nitasimama tena Ijumaa. Mara zote mbili walianza kuimba.

Lakini nilikuwa nasimulia habari za Mama Dina.

Miezi miwili baada ya ile machela, makohozi yake yalipimwa yakakutwa safi. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, alikuwa amepata mashavu. Habari ikafika ushirikani, na Eliya mwenyewe akaja nyumbani, akakaa kisebuleni, akaongea kwa upole. Alisema watu wameumizwa na habari yangu, wanahitaji kutiwa moyo. Je, dada hawezi kusimama Ijumaa aseme amepona? Haikuwa yangu kujibu. Mama Dina akasema atakuja.

Ijumaa chumba kilijaa. Alisimama na kitenge chake, na niliona watu wameshavuta pumzi ya wimbo.

"Mimi bado ninaumwa," alisema. "Kukohoa kumeisha, ugonjwa haujaisha, nesi ameniambia bado miezi sita. Leo nimemeza dawa. Leo asubuhi pia nilimchukia mume wangu, nikamwambia, tukaomba. Hayo ni ya leo. Ya kesho mniulize kesho."

Akakaa.

Hakuna aliyejua pa kuanzia wimbo. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nyuma, karibu na dirisha, dada mmoja kijana, yule aliyedhani nimelia damu, alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha chini, chenye maji, nasi sote tulikijua, maana tulikuwa tumekisikia mwezi mzima tukikifunika kwa nyimbo. Mama Dina aligeuka na kiti chake kumtazama.

"Tangu lini?" alimuuliza.

Yule dada alitazama sakafu. Alisema tangu kiangazi, tangu Kinyinya. Alisema alikuwa anangoja kiishe ndipo ashuhudie.

Jumatatu tulipofika dispensari alikuwa ameshakaa kwenye benchi la nje. Tukamsogezea kivuli.